Nyumba Nyeusi za Popo

Shemeji yangu haamini kwamba kitu kimevunjika mpaka yeye mwenyewe ameshindwa kukiunga. Ndiyo maana shule nzima inamwita Mwalimu Gundi, kuanzia watoto wapya mpaka Mkuu wa shule. Ameunga meza, viti, soli za viatu, mshikio wa birika la ofisini kwangu, na dada yangu anaapa kwamba mwaka waliooana alijaribu kuunga yai. Mimi ni karani wa shule hiyo, na ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo nina vibali viwili vya kumtania, cha kazini na cha nyumbani. Nimevitumia kwa miaka mingi bila huruma. Siku hizi nimeviweka kando.

Nasimulia habari zake kwa sababu wanaomwona sasa akikatiza uwanja, kichwa chini, mikono mfukoni, wanadhani ni mtu wa kununa aliyezaliwa amenuna. Hakuzaliwa hivyo. Nina hasira na wanaosema hivyo, na nina hasira na wengine pia, mtawajua mmoja mmoja.

Anafundisha ufundi. Katika shule yetu somo hilo ni stoo ya nyumba: kila kisichotakiwa sebuleni hutupwa huko. Mwanafunzi akishindwa hesabu, apelekwe kwa Gundi. Akiwa mtukutu, apelekwe kwa Gundi. Naye aliwapokea wote kwa furaha, utadhani ni mzigo alioagiza mwenyewe na sasa umefika. Karakana yake iko nyuma ya ukumbi wa mikutano. Ina meza mbili ndefu zenye makovu ya msumeno, dirisha lililozibwa kwa plaiwudi, na harufu ya mbao mbichi ambayo dada yangu anasema imemfuata mumewe mpaka kwenye mto wa kulalia.

Jambo moja lilimtofautisha na walimu wote niliowahi kuwafanyia kazi, na nimewafanyia wengi: hakucheka swali. Mtoto mmoja aliwahi kumuuliza kama ubao unaumia ukipigiwa msumari. Mwalimu mwingine angesema kaa chini, usitupotezee muda. Shemeji aliweka nyundo mezani, akawaza, na kipindi chote kikaisha wakizungumza jinsi mti unavyofunga kidonda chake. Stuli waliyokuwa wakiitengeneza ilibaki na miguu miwili mpaka wiki iliyofuata. Kila kipindi alikimaliza kwa maneno yale yale, "Nani ana swali?", na hakuondoka mpaka amepata.

Basi haikushangaza kwamba Maswali aliishia kwake. Huyo ni binti mwembamba wa miguu mirefu, na jina hilo alipewa na walimu, wala si kwa kumsifu. Mwalimu wa historia alimtoa nje ya darasa kwa kuuliza nani aliyehesabu maiti za vita. Mwalimu wa dini alimshtaki kwa mama yake. Gundi alimpa aproni na kumwambia aje kwenye klabu. Tangu siku hiyo chakula cha jioni nyumbani kwa dada kilikuwa na taarifa ya habari: leo Maswali kauliza hiki, leo kauliza kile. Dada alikuwa akisema ana mke mwenza wa miaka kumi na minne, tena wa maneno matupu. Tulicheka sana. Lakini siku moja shemeji hakucheka. Alisema yule mtoto akiachiwa aulize atafika mbali kuliko sisi sote, na akinyamazishwa basi, imekwisha, maana hana kingine: si fedha, si jamaa, si sura ya kupendwa na walimu. Ana hilo tu.

Klabu yenyewe ilikuwa ya mambo mchanganyiko: sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hisabati, vyote kwenye chungu kimoja. Kila mwaka kulikuwa na shindano la shule nyingi. Waandaaji hutuma mada, na wanafunzi hubuni kitu cha kulinda wanyama au mazingira yao. Walituma pia bango la hatua tano, nalo shemeji alilichora upya ukutani mwa karakana kwa herufi kubwa, kila neno rangi yake: ULIZA, WAZA, CHORA, TENGENEZA, BORESHA. Mwaka mmoja walitengeneza kizuizi cha kunasa mifuko ya plastiki mtaroni, vyura wapate kupumua. Mvua ya kwanza ikakibeba kizuizi pamoja na vyura. Mwaka mwingine walibandika alama kwenye madirisha ili ndege wasigonge vioo, na ndege wakazizoea wakaendelea kugonga. Hawakuwahi kushinda chochote. Shemeji alirudi kila mara akiwa amechangamka, akisema sasa tunajua namna moja isiyofaa.

Mwaka ninaousimulia, mada ilikuwa kulinda kiumbe anayeishi karibu na shule na ambaye hapendwi.

Kiumbe asiyependwa tulikuwa naye. Dari la ukumbi lilijaa popo, wale wadogo wanaokula wadudu, mwili wa mmoja mtu angeufunika kwa kiganja. Watu humwita popo mtu asiyejulikana yuko upande gani, si ndege si mnyama, na popo wetu walikuwa hivyo hivyo: walikuwa wetu na hawakuwa wetu. Jioni walimiminika kutoka chini ya mabati, wakazunguka juu ya uwanja wa mpira, na mbu wa bweni la wasichana wakapungua. Hilo hakuna aliyelisema. Kilichosemwa ni harufu, na mavi yaliyodondoka juu ya karatasi za mitihani. Wazazi walilalamika. Mkuu wetu ni mwanamke wa kukata maneno, na alikwisha kupata mtu wa kuja na pampu ya sumu.

Maswali ndiye aliyesema wajengewe nyumba yao. Kama wakihama wenyewe hawatauawa, na ukumbi utabaki safi. Shemeji alikwenda kumwomba Mkuu, nami nilikuwepo, kwa kuwa meza yangu iko mlangoni mwake. Aliomba hadi mwisho wa muhula. Mkuu akasema haya, mpaka mwisho wa muhula, na baada ya hapo pampu. Shemeji alitoka mle ofisini akitembea kwa haraka ya mtu aliyeacha chungu jikoni.

Waandaaji walikuwa na mwongozo wa nyumba za popo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na mwongozo huu ulikuwa mgeni kweli kweli. Uliandikwa na watu wa nchi za baridi, mahali ambapo popo hufa kwa kukosa joto. Ulisema nyumba iwe sanduku jembamba la mbao lenye vyumba vyembamba ndani, mlango uwe chini, lipakwe rangi nyeusi, na liwekwe juu ya ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa. Picha ilikuwa nzuri. Na majaji walitoa alama kwa kila jambo lililofuatwa.

Niliingia karakana siku waliyokuwa wakichanganya rangi, nimefuata kiti changu ambacho kilikuwa kikiungwa kwa mara ya nne. Maswali alikuwa na mwongozo mkononi.

"Mwalimu, wanasema nyeusi, tena juani. Kwetu si litachemka?"

Shemeji alimweleza kwamba popo wanapenda joto, na kwamba hata kule darini, chini ya mabati, kuna joto kali.

"Lakini darini wakiungua wanasogea upande mwingine," binti akasema. "Humu watasogea wapi?"

Nilimwona akisimamisha brashi. Hakulipuuza swali, msije mkasema alilipuuza. Aliweka kipimajoto ndani ya sanduku la kwanza, wakalitundika ukutani, wakapima wiki nzima, asubuhi, mchana na jioni. Ilikuwa kipupwe, upepo wa baridi unavuma, watoto wamevaa masweta. Kipimajoto kilionyesha joto zuri, lile lile lililoandikwa kwenye mwongozo. Kila mtu alifurahi isipokuwa yule yule.

"Na kiangazi je?"

Shemeji alinyoosha brashi kuelekea ukutani, kwenye neno la mwisho. "Kiangazi tutakuwa kwenye Boresha," akasema.

Ndivyo klabu ilivyofanya kazi, na ndivyo walivyofundishwa na bango lile. Kwanza utengeneze, halafu uboreshe. Majaji walikuja kwenye Tengeneza. Pampu ya Mkuu nayo ilikuwa inasubiri kwenye Tengeneza. Boresha haikuwa na tarehe yake. Miaka yote niliyomjua, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiliahirisha swali, na alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya haki. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mzembe ningejua nimlaumu vipi.

Walitengeneza masanduku kumi na mawili na kuyatundika upande wa jua. Watoto wa sanaa waliyachorea nyota ndogo za fedha juu ya weusi. Kwa wiki kadhaa hakuna kilichotokea, na mimi nikamtania shemeji kwamba labda popo wanasubiri mkataba wa pango. Kisha asubuhi moja mlinzi wa shule aliona mavi chini ya sanduku la pembeni. Shemeji alikwenda akapiga magoti akayatazama yale mavi, huku watoto wamemzunguka, na hakuna aliyeziba pua. Walikuwa wamekuja wawili watatu. Wiki iliyofuata walikuwa wengi.

Hapo ndipo alipofanya kazi yake bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alipanda ngazi akaziba kila mwanya chini ya mabati ya ukumbi kwa wavu wa waya, isipokuwa mianya michache, nayo akaitundikia vipande vya nailoni. Popo akitoka jioni hujipenyeza chini ya nailoni. Akirudi alfajiri hapati pa kuingilia. Hakuna aliyeumia na hakuna aliyefungiwa ndani. Dari lilipokuwa tupu akaiziba na ile mianya ya mwisho, na aliziba kama anavyofanya kila kitu, kwa misumari na gundi juu yake, hakuacha hata tundu la sindano. Masanduku yakajaa. Jioni uliweza kusimama chini yake ukasikia vikucha vyao vikikwaruza mbao.

Walishinda. Shule ambayo haijawahi kushinda hata kuvuta kamba ilipata kombe. Mratibu wa shindano alikuja na wageni, akamulika tochi ndani ya masanduku, akapiga picha, akasema mchoro wa watoto wetu utatumwa kwenye shule zote ili nazo zijenge na kupewa alama kwa kuufuata. Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi upya. Mkuu alilia kidogo kwenye hotuba. Maswali aliitwa kupokea kombe, akalibeba kifuani kwa mikono miwili, na shemeji alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akipenga kamasi kwenye leso yake yenye madoa ya gundi. Nilimwambia gundi hiyo itamziba pua bure. Sikumbuki kama nimewahi kumwona mtu akiwa na furaha kiasi kile.

Shule ikafungwa. Shemeji na dada walikwenda kwa mama mkwe wa dada, mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, likizo yao ya kwanza baada ya miaka. Na kiangazi kikaingia.

Karani hana likizo. Nilikuwa ofisini peke yangu na feni isiyosaidia kitu. Mwaka huo joto lilikuja na chuki. Lami mbele ya geti ililainika, na ukishika kitasa cha mlango mchana unakiachia. Mlinzi alikuja akaniambia kuna harufu nyuma ya ukumbi, na kwamba kunguru wamekuwa wengi. Nilijua kabla sijafika. Chini ya ukuta walikuwa wametapakaa, wadogo, wakavu kama majani ya chai, na paka wa jikoni alikuwa ameshiba hata hana haja nao. Nikampigia simu dada. Nilimwambia yeye, sikuweza kumwambia mumewe.

Shemeji alifika keshoye mchana, peke yake, na begi bado begani. Hakuniamkia. Alichukua ngazi karakana, akaiegemeza, akapanda. Akaweka kiganja juu ya sanduku la kwanza, na mkono ukaruka wenyewe. Akauweka tena. Akauacha hapo, nami nikiwa chini namwambia shemeji utaungua, toa mkono, na hakuutoa.

Alipolifungua sanduku niliona kilichokuwemo, na sitaeleza sana. Ilikuwa ndiyo miezi ya kuzaa. Mama hawezi kuruka mchana kweupe na kuacha mtoto asiyeweza kuruka. Wengi walikuwa wamejazana chini kabisa, mlangoni, penye hewa, na watoto wao vifuani. Wale walioweza kutoka walikwenda kwenye ukumbi, kwa sababu ndiko walikokujua. Tuliwakuta wengine wameng'ang'ania wavu wa waya chini ya mabati, nje, pale alipoziba vizuri.

Alifungua yote kumi na mawili. Katika mawili ya mwisho, yaliyopata kivuli cha tangi la maji, kulikuwa na wachache hai. Tuliwahamishia kwenye kapu ndani ya karakana, mlango ukiwa wazi, tukawawekea maji kwenye kifuniko cha chupa. Jioni waliruka wawili. Asubuhi waliobaki walikuwa wamekufa. Alichimba shimo nyuma ya karakana na kuwazika wote, akimkatalia mlinzi aliyekuja na jembe lake kumsaidia. Kisha akapanda tena akaung'oa wavu wa ukumbi kipande kwa kipande, kwa koleo, na kila kipande kilimpinga kwa sababu alikuwa amekigongomea mwenyewe. Kila jioni ya likizo ile alikaa kwenye ngazi za ukumbi akitazama juu, kwenye ile mianya aliyoifungua. Hakurudi hata mmoja.

Mkuu aliporudi alimwita, akamfungia mlango, lakini mlango wake ni mbao nyembamba. Hakumfokea. Bora angemfokea. Alimwambia majuto ni mjukuu, na kwamba kwa upande mwingine ukumbi sasa ni safi na pampu haikuhitajika. Akamwomba jambo hili liishie hapo, kwa kuwa kuna shule zinakuja kutembelea na kombe liko kwenye kabati la kioo mlangoni. Shemeji alijibu kwamba wanafunzi wake lazima waambiwe. Mkuu akasema sawa, wa klabu tu, na wasilitangaze.

Aliwaambia siku ya kwanza ya muhula. Aliniomba nikae naye, nikakaa karibu na meza ya randa. Alisema yote, hakujificha nyuma ya mwongozo wala nyuma ya mtu. Kisha Maswali akasema, polepole, si kwa kushtaki, kama mtu anayekumbushwa kitu alichokiacha mahali:

"Mimi niliuliza, Mwalimu."

"Uliuliza," akasema shemeji. "Na lile ndilo lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nami sikulijibu."

Nilidhani hilo lingetosha. Kosa limekiriwa, mtoto kapewa haki yake. Lakini watoto wana sheria zao. Walitoka mle karakana, na kabla ya kengele ya jioni habari zilikuwa zimegeuka. Wakasema Maswali ndiye aliyewachuria popo, aliyewaletea mkosi kwa maneno yake. Alisema watachemka, wakachemka. Aliuliza watasogea wapi, wakakosa pa kusogea. Si yeye aliyewaza nyumba zenyewe? Akaanza kusikia neno hilo kila aingiapo: usituchurie. Kabla ya mtihani, usituchurie. Kabla ya mechi, kaa mbali, usituchurie. Mtu fulani aliandika kwenye dawati lake UCHURO kwa ile rangi nyeusi iliyobaki. Mwalimu wa historia, ambaye hatimaye alikuwa amepata jina la kumbandika binti huyo, alicheka darasani alipolisikia. Huyo namdai, na siku yake itafika.

Shemeji alilipiga randa lile dawati mpaka mbao ikawa nyeupe. Alitaka kusimama mbele ya shule nzima na kusema ukweli, Mkuu akakataa, wageni walikuwa wanakuja wiki hiyo. Akazungumza na watoto wa klabu mmoja mmoja. Waliitikia ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu, wakatoka wakaendelea.

Na bado mchoro ulikuwa njiani. Ulikwisha kutumwa shule zote, pamoja na nyota zake za fedha. Alitumia simu ya ofisini kwangu kumpigia mratibu. Nilisikia sauti ya yule mtu, changamfu, inayojua kufariji. Alimwambia asijisumbue, hayo ndiyo mafunzo yenyewe, wayaandike vizuri na kuyaleta mwakani kwenye hatua ya Boresha. Shemeji alimwambia kiangazi hakitangoji mwakani. Mratibu akasema muundo ulioshinda haubadilishwi katikati ya mwaka, utawachanganya watoto. Simu ilipokatika shemeji aliendelea kuishikilia sikioni.

Jumamosi alinunua kopo la rangi nyeupe, akaenda kwenye shule iliyo karibu. Nilimfuata, sikutaka aende peke yake. Masanduku yao yalikuwa meusi tii, yamepangwa juani vizuri kuliko yetu. Mwalimu wao, kijana mwenye adabu, alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa, kweli anaelewa, lakini akipaka nyeupe watoto watakatwa alama. Alituahidi kwamba baada ya majaji kuja ataliangalia. Shemeji alimwachia kopo la rangi.

Mwaka umepita. Ukumbi ni safi, mitihani inafanywa humo na watoto wanajipiga mapaja na shingo kwa sababu ya mbu, mpaka Mkuu akaleta yule mtu wa pampu kwa ajili ya mbu. Klabu imejaa kuliko wakati wowote, kwa sababu ya kombe. Wanataka kushinda tena. Shemeji alikwenda kumwambia Mkuu kwamba yeye hataiongoza, na ikapewa mwalimu mwingine. Yeye amebaki na somo lake, na stuli. Nyumbani hakuna tena taarifa ya habari mezani. Dada anasema wakati mwingine huamka akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda akitazama kiganja chake.

Wiki iliyopita nilikwenda karakana kufuata kile kiti changu, kilichokuwa kimevunjika tena. Nilikuta kipindi kinaendelea, na Maswali alikuwa mle na darasa lake. Amerefuka. Sasa walimu wanamsifu kwamba ametulia. Hata jina limeanza kusahaulika, wanamwita kwa namba yake ya daftari la mahudhurio kama wengine. Shemeji alikuwa akiwaonyesha jinsi ya kuunga mguu uliopasuka: safisha ufa, paka, bana, ngoja. Alimaliza, akafuta mikono, akauliza kama alivyouliza kila kipindi cha maisha yake.

"Nani ana swali?"

Alikuwa anamtazama yeye. Binti aliangalia meza. Aliuinua mkono kidogo, nami niliuona, kisha akautumia kujikuna shingo. Shemeji alisubiri. Watoto wakaanza kusogeza miguu, mmoja akapiga miayo, na yeye bado anasubiri, mpaka kengele ikalia na wote wakatoka, na yeye akatoka pamoja nao bila kugeuka.

Shemeji alinikabidhi kiti. Kilikuwa kimeungika barabara, huwezi kuona palipovunjika.

"Hiki kinaungika," akaniambia. "Yule, shemeji, anaungwa na nini?"

Nikachukua kiti changu nikarudi ofisini.